Uso wa Baba Kwenye Plaiwudi

Ziwa lilipofurika likaingia nyumbani kwetu, picha zote za marehemu baba zilikwenda na maji. Kwa hiyo nilipojiunga na karakana moja hapa Kisumu kujifunza kuchapa picha kwa ubao, sikuwaza mara mbili nichore nini. Nilitaka mama awe tena na uso wa mumewe ukutani. Na ni yeye tu angeweza kuniambia kama nimeupatia uso huo.

Unachora kwenye plaiwudi kwa kalamu yenye mafuta. Halafu unapaka gundi, unaacha ikauke siku kadhaa, unalowanisha ubao na kupitisha rola ya wino. Penye maji wino unakataa, penye mafuta unashika, na karatasi ukiikandamiza juu yake inaubeba. Mimi, mtoto wa muuza samaki, nilidhani mambo ya mafuta nayajua tayari.

Jumamosi moja mama alinipitia akitoka Mamboleo, anakokaangia samaki. Ubao ulikuwa mezani, bado haujapakwa gundi. Aliutazama, kisha akaweka kiganja kizima kwenye shavu la baba.

"Mama! Usishike!"

Nina hasira za karibu, na sauti yangu iligeuza vichwa vyote. Mama akauficha mkono ndani ya leso. Mwalimu akainama, akakagua, akasema mafuta ya samaki yameshaingia kwenye ubao.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akaniambia. "Wewe chapa tu."

Siku ya kuchapa mama alikuja, akasimama mbali na meza, mikono nyuma. Niliinua karatasi polepole. Baba alikuwepo, mistari ya mbao ikimpita kwenye paji la uso. Shavuni palikuwa na vidole vitano vya kijivu, mpaka mikunjo ya ngozi ikionekana.

Mama aliangalia sana.

"Pua si yake," akasema. "Na hii macho ni ya mjomba wako."

Nilimpenda baba, na uso wake ulikuwa umenitoka bila mimi kujua. Nikamwambia mama nitatupa hii, nichore nyingine.

"Utupe ya nini, nyathina, mwanangu?" Alikuwa ameshaichukua karatasi, ameikumbatia na wino wake mbichi. "Mimi nilikuwa namshika hapa kwa shavu, kila asubuhi, kabla aende kwa ziwa. Pua sikuwa naangalia."