Msusi na Mistari Mia Tano na Kumi na Miwili

Saluni ina viti vitatu, draya mbili za kusimama, na kabati la chuma lenye ukubwa wa oveni ndogo ambalo ndani yake huwaka taa ya zambarau. Chanuo likitoka kichwani mwa mtu huoshwa, hufutwa, kisha huingizwa kabatini dakika ishirini kuuliwa vijidudu. Katika hilo mwenye saluni hana mzaha. Wateja humwita Dada Usafi, na si kwa sifa tu. Mmoja aliwahi kuweka simu yake mezani, akageuka kujitazama kiooni, akaikuta imepanguswa pande zote na kava lake limelowekwa kwenye sabuni.

Kabati hilo lina mteja mmoja asiye na nywele. Ni mume wa dada yake Dada Usafi, fundi wa redio na televisheni, ambaye nusu ya maisha yake imeishia kwenye kompyuta za zamani, zile zenye kibodi nene zinazochomekwa kwenye televisheni. Kompyuta ya aina hiyo huja na lugha moja ya kuandikia programu, iliyohifadhiwa ndani ya chipu. Kando yake huwa kuna soketi tupu. Ukipachika humo chipu nyingine, mashine inaamka ikijua lugha ya pili. Fundi hulieleza jambo hili kwa sauti ya mtu anayetangaza kuzaliwa kwa mtoto.

Chipu zenyewe zina kidirisha cha kioo mgongoni. Mwanga wa taa kama ile ya saluni ukiingia hapo, kila kilichoandikwa ndani kinafutika na chipu inakuwa tayari kuandikwa upya. Taa ya Fundi iliungua mwaka jana. Tangu hapo, kila baada ya wiki mbili, yeye huja na kopo lake, na chipu hulazwa kabatini kati ya mikasi na vibanio. Ile isiyotakiwa kufutwa hubandikwa stika juu ya kidirisha. Hilo la stika hakuwahi kumwambia shemeji yake.

Jumatano moja kopo lilikuwa na chipu tano.

"Shemeji, nitilie hizo nne zilizo wazi, nafika dukani mara moja," alisema, akatoka.

Dada Usafi akafungua kopo. Nne zilikuwa safi. Ya tano ilikuwa na stika iliyogeuka nyeusi, pembe zimekunjamana, gundi imevuja na kukusanya vumbi la miaka. Mwanamke aliyelelewa vizuri haachi kitu kama hicho.

Fundi aliporudi, kabati lilikuwa limeshazimwa.

"Stika iko wapi?"

"Ile chafu? Nimeibandua. Na gundi nimeitoa kwa asetoni. Tazama, inang'aa kama kucha ya bibi harusi."

"Umeiweka ndani?"

"Zote tano, shem. Ningeibagua moja kwa kosa gani?"

Fundi akakaa kwenye kiti cha draya. Mteja aliyekuwa kiti cha pili anasema alidhani mtu amefiwa.

Chipu ile ilikuwa na lugha iitwayo Forth, na haikuwa yake. Ilikuwa ya Mzee wa Teleksi, mstaafu wa mitambo ya kutuma maandishi, ambaye kwa miaka kumi na mmoja ya kujuana kwao hakuwahi kumwazima mtu hata kalamu. Alikuwa ameitoa kwa wiki moja tu, inakiliwe irudi, na Fundi alikuwa hajainakili kwa sababu alitaka kwanza kupata chipu tupu za kunakilia. Kwa Mzee huyo ndiko Fundi hupitisha Jumapili zake. Mji mzima hakuna mtu mwingine anayeelewa anachozungumza. Mke wake ameshajaribu, akaacha.

"Nitamwambia imepotea," alisema Fundi.

"Utamwambia nini? Nimefuta mimi, nitasema mimi. Vaa viatu."

Mzee aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni. Alipomaliza kusikia, aliuliza swali moja.

"Dakika ngapi?"

"Ishirini, baba," alisema Dada Usafi.

"Basi hamna kitu tena humo. Ishirini zinamaliza hata kumbukumbu za mtu."

Akaingia ndani, akatoka na jalada. Miaka thelathini iliyopita, enzi za kazi yake, alikuwa ameichapa lugha nzima karatasini: mistari mia tano na kumi na miwili, kila mstari na jozi kumi na sita za tarakimu na herufi, A hadi F, na mwishoni jumla ya kuhakikishia.

"Iandikeni upya. Jumatano ijayo naja kuijaribu. Isipofanya kazi, Fundi, usikanyage tena hapa. Na wewe, binti, hiyo karatasi usiisafishe."

Wino ulikuwa umefifia kiasi kwamba simu ya Fundi, ilipoipiga karatasi picha, ilisoma kila nane kuwa B. Ilibidi yasome macho ya watu. Dada Usafi akapanga kompyuta mpakato kwenye rafu ya mafuta ya nywele, akamkalisha Fundi mbele yake, na kila mteja aliyekaa kitini akapewa ukurasa.

Mwanzoni ilikuwa balaa. Draya ikinguruma, B na D ni kitu kimoja. Siku ya pili Dada Usafi akatoa amri: A ni asetoni, B brashi, C chanuo, D draya, E elastiki, F fagio. Aliyepita barabarani akasikia wanawake wakikariri, "Chanuo tatu! Sifuri draya! Fagio nane!" na akaongeza mwendo.

"Hivi hii lugha, salamu yake ndiyo ipi?" aliuliza mmoja aliyekuwa na dawa kichwani.

"Soma, dada, usilete hadithi," alisema Fundi.

"Nimeuliza tu. Nisiwe natukana watu bila kujua."

Jumla ya mstari isipolingana, kompyuta ililia, na mistari iliyoshindikana alipewa nesi mmoja wa zamu ya mchana. Hakukosea hata mmoja. "Nimesoma mwandiko wa madaktari miaka kumi na minne," alisema. "Huu ni wa kuchapwa. Mnadeka." Kurasa za mwisho zilikuwa F tupu, sehemu isiyotumika, lakini mama mmoja mnyoofu alisoma fagio zote mpaka akaishiwa sauti, na hakukubali kukatizwa.

Jumatano Mzee alikuja na mashine yake mwenyewe, akapachika chipu iliyoandikwa upya kwa vidole vya mtu anayetoa mwiba, akawasha. Jina la lugha likatokea. Wateja wakapiga vigelegele. Akaandika mbili, tatu, kisha alama ya kujumlisha mwishoni, kama lugha hiyo inavyotaka. Mashine ikajibu tano.

Akajaribu kuzidisha sita kwa saba. Mashine ikaganda.

"Inajumlisha," alisema Mzee, akianza kukunja waya. "Haizidishi."

"Kaa, baba," alisema Dada Usafi. "Shika karatasi usome. Mimi naangalia kwenye kompyuta."

Wakaanza mstari wa kwanza, Mzee akisoma kwa mtindo wa saluni bila kuambiwa mara mbili. Kwenye mstari wa mia tatu na kumi na moja jozi mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Jumla ilibaki ileile, ndiyo maana kompyuta haikulia.

"Huu kasoma nani?" aliuliza Dada Usafi. Wateja wakatazamana. Kila mmoja alijua ukurasa wake. "Shem?"

Fundi akakohoa. Ijumaa, kwa haraka, alikuwa ameandika mistari thelathini nyumbani, peke yake.

"Wanawake ishirini na mmoja chini ya draya hawajakosea," alisema nesi, "kakosea fundi."

Wakarekebisha, wakaandika chipu nyingine, Mzee akapachika. Arobaini na mbili. Akazidisha tena kwa namba kubwa, na kubwa zaidi, mpaka akaridhika, kisha akamgeukia Fundi.

"Jumapili njoo kama kawaida," alisema. "Nina chipu ya lugha nyingine, nayo ni ya kuazima. Lakini sikuazimi wewe. Namwazima huyu. Ukiitaka, utamwomba yeye."

"Kwanza atanionesha mikono," alisema Dada Usafi, akaita mteja aliyefuata.