Mama wa Chai Ambaye Hajawahi Kuona Mechi

Saa sita mchana, Jumamosi. Jua la Julai linawaka juu ya uwanja wa kriketi wa Marlcombe, Dorset, na wanakijiji wameshakunjua viti vyao vya kitambaa na kuvua viatu. Ndani ya kibanda cha klabu, Avril Tapscott anapaka siagi.

Anaipaka mpaka kwenye kona. Kumpa mgeni mkate wenye kona kavu, anasema, ni kumtukana. Pembeni yake kuna mayai yaliyopondwa, matango yaliyokatwa membamba na skonzi alizozioka nyumbani alfajiri. Birika kubwa la umeme linanguruma.

"Usisimame tu hapo, mwanangu," anamwambia mwandishi. "Shika kitambaa."

Avril ana miaka sabini na moja. Jumatatu hadi Ijumaa anafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee mji wa jirani. "Nusu yao ni wadogo zangu," anasema, na kucheka mpaka kisu kinatikisika.

Jumamosi ndiye mama wa chai. Analisha timu mbili, waamuzi, na yeyote anayepita na mbwa wake akijifanya hana njaa. Aproni alikabidhiwa na mama mkwe wake, majira ya joto ishirini na sita yaliyopita. Halipwi mshahara, anarudishiwa tu bei ya vitu. "Na siagi siku hizi si mchezo," analalamika.

Katika miaka yote hiyo hajaona mechi hata moja. Sinki liko ukuta wa nyuma, na dirisha lake linatazama ua wa miiba na barabara. Kabla ya chai anakata mikate, baada ya chai anaosha vikombe. Akimaliza kikombe cha mwisho, wachezaji wameshahamia baa.

"Nafuatilia kwa makofi," anaeleza. "Makofi ya haraka, mmoja wetu kapiga vizuri. Makofi ya taratibu, katolewa. Watu wakicheka, basi mzee Reg wa nyasi kaanguka."

Yote hayo Avril amezoea. Ila Jumamosi hii ina jambo lake, na jambo lenyewe ni Tamsin.

Tamsin ni mjukuu wake, amemlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki. Ndiye msichana pekee kwenye timu, na kazi yake ni kumrushia mpira mpigaji wa timu pinzani. Jumatatu anaondoka kwenda visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa mwa Uskoti, kwa kazi ya miaka mitatu kwenye mashamba ya samaki. Hii ndiyo mechi yake ya mwisho nyumbani. Bibi yake hajawahi kumwona akirusha.

Sasa kwa nini mtu asimpokee vyombo? Waingereza bwana! Wakati fulani mke wa nahodha alijitolea kumsaidia. Avril akajibu, "Asante sana mpenzi, lakini niko sawa kabisa." Yule mama akadhani kamkosea, akarudi kesho yake na maua ya kuomba radhi. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kugusa kikombe.

Kumbe Avril alikataa mara moja tu, kwa adabu, akitegemea ataombwa tena. Hakuombwa.

"Ningefanyaje?" anauliza. "Nimtoe mtu juani nimwambie njoo uoshe vyombo? Ningekufa kwa aibu."

Saa kumi jioni mchezo unasimama kwa chai, na kibanda kinajaa watu wenye nguo nyeupe na magoti ya kijani kwa nyasi. Wageni wametoka Devon, kwa hiyo wanapaka skonzi krimu kwanza na jamu juu, kinyume na desturi ya hapa.

"Tazama hawa, wanavaa soksi juu ya viatu!" anasema mwamuzi wa Marlcombe.

"Kula, mzee," anajibu nahodha wa wageni, mdomo umejaa. "Ukiacha maneno, utafurahi."

Tamsin anakuja kudokoa sandwichi ya yai na kumbusu bibi yake shavuni. "Bibi, narusha mara tu baada ya chai."

"Nitasikiliza, mpenzi."

Tamsin anatazama sinki. "Haya," anasema, na kutoka.

Wenzake wanamfuata. Vikombe vinarundikana. Ndipo anaingia Reg Chubb, mkata nyasi za uwanja, mzee asiyependa kuongea, anataka maji ya moto ya chupa yake.

"Leo ataangalia mlango tena," anasema.

"Nani?"

"Tamsin. Kabla ya kurusha mpira wa kwanza lazima ageuke aangalie mlango huu. Halafu ndiyo anakimbia."

Mikono ya Avril inasimama ndani ya povu. "Kila mechi?"

"Kila mechi. Kwani hujui?"

"Reg Chubb! Miaka yote hii hukuniambia?"

Mzee anakuwa mwekundu mpaka masikioni. "Niliona hainihusu."

Kitambaa kilikuwa mkononi mwa mwandishi, na kidogo tu kimpate Bwana Chubb kichwani.

Avril hasubiri hata kufuta mikono. Anatoka na aproni yake, povu hadi kwenye viwiko. Uwanja mzima unajifanya haujamwona, maana hapa hiyo ndiyo heshima. Ila mwanamume mmoja anakumbuka ghafla kwamba mbwa wake anahitaji kutembea, na anaacha wazi kiti chake, kando kabisa ya mlango wa kibanda. Avril anakaa.

Katikati ya uwanja, Tamsin ana mpira mkononi. Anageuka kuangalia mlango. Anabaki hivyo. Mwamuzi anakohoa mara mbili. Tamsin anafuta uso kwa mkono wa shati, anakimbia, anarusha.

Mpira mbovu. Mgeni anaupiga, unaruka juu ya ua na kuangukia barabarani.

"Umeona, Bibi?" Tamsin anapaza sauti, jambo ambalo halifanyiki kwenye kriketi.

"Nimeona!" Avril anajibu kwa kelele, machozi yanamtoka. "Mbovu kweli kweli! Rusha mwingine!"

Kule ndani kikombe kinasikika kikivunjika. Mke wa nahodha anaosha, Bwana Chubb anakausha.

Je, Jumamosi ijayo, Tamsin akiwa Shetland, mama wa chai atarudi kwenye sinki lake?

"Chai nitapika. Vyombo vina wenyewe," anasema Avril, macho hayabanduki uwanjani. "Jioni atanipigia simu kuuliza mechi ilikuwaje. Miaka yote nimekuwa nikisikiliza makofi tu. Sasa nataka nimwambie nilichoona."