Basi Linalosimama Penye Mizani

Hapakuwa kijiji, wala hapakuwa mji. Palikuwa na mizani ya kupimia malori ya pamba, safu moja ya nyumba, duka, na watu waliofuata kazi. Mwenyekiti hawakuwahi kuwa naye. Kata mbili zilitupiana mahali pale kama mpira. Kiwanda cha pamba cha jirani kilipofungwa, mizani ikang'olewa, watu wakahama mmoja mmoja, akabaki mama mmoja, mshona magunia.

Alibaki na sindano yake ndefu iliyopinda ncha, na mazoea ya wenyeji wote wa pale: kuelekeza kwa vitu visivyokuwepo tena. "Pita kwa fundi saa," angekwambia, na ukuta wa fundi saa ulikwisha kuota nyasi.

Ndiyo maana binti yake, alipokuja kumtembelea, alimwambia dereva, "Nishushe penye mizani," kisha akasinzia na mtoto mapajani. Dereva alikuwa mgeni. Alitafuta mizani, hakuiona, akapitiliza. Binti akazindukia kituo cha mwisho, akalala gesti, na kwa kuwa ruhusa ya kazini ilikuwa imekwisha, akarudi kwake na basi la alfajiri. Walipita mlangoni kwa mama gizani.

"Nitajaribu tena likizo ijayo," alisema kwenye simu. "Lakini mama, hapo kwako hapajulikani tena."

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Tangu siku hiyo, basi la alasiri likisikika, mshona magunia alitoka akasimama barabarani, mkono juu.

"Panda haraka, bibi!" kondakta alimhimiza mara ya kwanza.

"Sisafiri, mwanangu."

"Sasa umetusimamishia nini?"

"Msije mkapasahau. Hapa ndipo penye mizani."

"Mizani yenyewe iko wapi?" abiria mmoja alidakia dirishani. "Au tukupime wewe?"

"Nipimeni. Mtapata mifupa mitupu."

Wakacheka, wakaondoka. Kesho yake akasimama tena, na keshokutwa, hata kondakta akachoka kugomba.

Alasiri moja homa ilimlaza. Alisikia muungurumo, akajikongoja hadi mlangoni, akijua amechelewa. Basi lilikuwa limesimama.

"Penye mizani!" kondakta alikuwa akiita. "Kuna wa kushuka?"

Hapakuwa na wa kushuka. Basi likaondoka, vumbi likatua taratibu. Mshona magunia akarudi ndani, akaishika sindano, akaendelea kushona kigodoro cha gunia alichomwandalia mjukuu, pale alipoishia.