Gunia la Mama Yohana

Leo nimeringia jiko la gesi mbele ya mtu ambaye sikupaswa kumringia.

Mama Yohana wa Nakwa ndiye ananiletea mkaa miaka yote. Haulizi, anajua wangu unaisha lini. Asubuhi nafungua geti, huyo hapo na gunia kwenye baiskeli, anahema.

Kabla hata hajashusha mzigo nikamvuta jikoni.

"Mama, njoo uone. Nimehamia gesi. Mkaa basi tena."

Nikaongeza na hotuba, mnajua mimi nilivyo. Miti inaisha, mvua zinapotea, na wanaoikata ni sisi wenyewe.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hongera, Mama Glory. Ni kweli mvua zimepotea. Mahindi yangu yamekauka, msimu wa pili huu."

Kisha akaliangalia lile gunia.

"Huu ni ule mti wa mgunga wa pale kwa mzee. Ndio ulikuwa umebaki."

Mzee ni marehemu mume wake. Siku tunamzika, waombolezaji wote tulijibanza kwenye kivuli cha mgunga huo. Kaburi liko chini yake. Lilikuwa chini yake.

Gunia nimelinunua, ningefanyaje. Akakunja kamba zake, akageuza baiskeli.

"Kwa hiyo mwezi ujao nisije?"

Nikamsindikiza mpaka getini.

Mchana nimepika maharage kwa gesi, yameiva vizuri, hayana hata harufu ya moshi. Gunia bado liko mlangoni.

Nyie mngeweza kuuwasha huo mkaa?