Aliyekoroma Hakuwa Baba Kulwa

Jamani, nimeona haya mpaka zimeniishia, maana hapa Shinyanga hata mama muuza karanga wa getini kwetu akiniona anafumba macho na kukoroma.

Kazi yangu ni kupima usingizi, yaani nakubandika nyaya kichwani na kifuani, wewe unalala, halafu mimi nakaa chumba cha pili naangalia kwenye skrini kama pumzi zako zinakatika (mama yangu kule Tinde mpaka leo anajua mimi ni nesi). Siku hiyo tulikuwa na Baba Kulwa, dereva wa lori wa Isaka, ambaye husafiri usiku na kulala mchana, kwa hiyo tukampima mchana. Alikuwa amesinzia kwenye usukani, na bosi wake akaapa kwamba bila majibu mazuri ya hospitali lori hagusi tena. Mkewe alikuja na hotpoti, ugali wa udaga, ule wa muhogo, na samaki sato, akaninawisha bila hata kuniuliza.

"Kula, baba, kwetu mtu hakai anaangalia wenzake wakila."

Nikasema kidogo tu. Kidogo gani! Nilikula mpaka nikafungua kifungo cha suruali.

Tulipofika kwenye nyaya, Baba Kulwa akagoma. "Mimi sifungwi umeme kichwani, labda uanze wewe." Nami kwa ujanja wangu nikajibandika zote, mashine ikiwa imeshawashwa kwa jina lake, nikapanda kitandani, nikasema, "Unaona? Haiumi hata kidogo." Hapo ndipo kumbukumbu yangu inapoishia.

Baba Kulwa, kwa adabu zake, akaona si vizuri kumwamsha mtu aliyelala, akanifungia mlango akaenda kunywa soda. Daktari wetu naye akapita chumba cha skrini, akasoma jina, akaona pumzi zinavyokatika, akamwita Mama Kulwa koridoni. "Pole, mama. Hali ya mumeo ni mbaya, lori asahau."

Kilio ndicho kilichoniamsha. "Mayu wane, mama yangu! Watoto watakula nini?" Nikakurupuka, nikatoka mbio, nyaya kichwani, suruali nimeishika kwa mkono, kisanduku cha mashine kinanifuata kikigonga sakafu, na foleni nzima ya kliniki inanitazama. Akili ikagoma, nikasema, "Shikamooni."

"Marahaba," akajibu mzee mmoja. "Kumbe ni wewe? Sisi tulijua jenereta."

Baba Kulwa akatokea na soda yake. "Mama Kulwa, nani kafa?" Mkewe akamwangalia yeye, akaniangalia mimi, machozi yakakauka palepale.

"Sasa hizi pumzi ni za nani?" daktari akauliza. Nikanyoosha kidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

Baba Kulwa akalala baada yangu, kimya, pumzi safi. Kumbe ulikuwa uchovu tu, na lori lake akarudishiwa. Mimi ndiye niliyeandikiwa mashine ya kulala nayo usoni. Kila akipita hapa anapiga honi getini, "Daktari, umeamka?"

Chakula cha wagonjwa sijaacha, nitawakosea adabu. Ila sasa nakula nimesimama.