Justa Makoye: Mpuliza dawa wa majaruba aliyeponzwa na neno moja

Jua bado halijatoka, lakini Justa Makoye ameshavaa mabuti ya mpira, suruali ya mumewe na kofia pana. Amesimama juu ya tuta la jaruba la mpunga katika kijiji kimoja nje kidogo ya Tinde, mkoani Shinyanga. Ananyanyua ncha ya kanga yake na kuitazama. Kanga haitikisiki.

"Upepo umelala," anasema. "Tuwahi kabla haujaamka."

Anavuta barakoa, anavaa glavu, anabeba bomba la dawa ya magugu la lita kumi na sita mgongoni na kushuka kwenye tope. Anatembea kinyumenyume, ili asipite alikokwisha kupulizia, na wala hajikwai. Mwandishi wa makala haya alijaribu kutembea hivyo hivyo, tena bila bomba. Alikaa chini kwenye matope kabla hajafika katikati, na mwenye shamba akacheka mpaka akashika mbavu.

Mwenye shamba ni Melania Shija, mjane mwenye ekari mbili za mpunga. Anasema zamani msimu huu wangekuwa humo jarubani mwezi mzima, migongo imepinda, waking'oa magugu ya ndago kwa mikono.

"Ukimaliza kona hii, kule ulikoanzia yameshaota tena. Unaweza kulia," anasema. "Sasa Mama Boaz anapita asubuhi moja, mimi naenda zangu gulioni."

Mama Boaz ndilo jina analoitwa Justa, mama wa watoto wanne, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja. Mumewe, Athanas, ni mchimbaji mdogo wa dhahabu upande wa Bugarama. "Duara, yaani shimo lao la dhahabu, likitema anatuma chochote," anasema Justa. "Lisipotema, tunakula huu mpunga." Kwa kila ekari analipwa shilingi elfu kumi na tano, na kipindi kama hiki simu yake haipumziki.

Kazi yenyewe si ya kumwaga dawa tu. Mpunga nao ni aina ya nyasi, na hapo ndipo penye mtihani.

"Mpunga na magugu yake ni ndugu," anaeleza. "Dawa tuliyoizoea zamani ilikuwa inaua ukoo mzima, kwa hiyo unaipiga kabla ya kupanda tu. Hizi za siku hizi zinachagua."

Siku hizi madukani kuna dawa ya kupiga mara tu baada ya kupanda, magugu yakiwa bado hayajachomoza. Ipo nyingine ya kupiga mpunga ukiwa na majani machache, nayo inachukua nyasi na ndago kwa pamoja. Nyingine ni ya magugu ya majani mapana. Justa huzibadilisha msimu hadi msimu ili magugu yasizoee. Siku moja kabla ya kazi anamtaka mwenye shamba apunguze maji ili majani ya magugu yatokeze, kisha ayarudishe baada ya siku mbili tatu. Na lazima aongee na mwenye jaruba la chini, asije akafunguliwa maji yenye dawa bila habari.

Ukimtazama akipima dawa kwa kifuniko, macho yameganda kwenye mstari, huwezi kudhani kwamba mwaka jana mwanamke huyu alikaribia kufukuzwa kijijini kwa sababu ya bomba hilo hilo.

Ilikuwa siku ya gulio. Justa hakuwepo nyumbani. Shemeji yake Ngusa, kaka mkubwa wa Athanas, alipita, akaliona bomba chini ya upenu, akalichukua. Hakuiba. Huku chombo cha ndugu ni chako, unachukua unapokihitaji na unarudisha ukimaliza. Ngusa ni mkulima wa pamba, na pamba yake ilikuwa imeanza kuliwa na funza. Alilisuuza bomba kwa maji, akatia dawa ya wadudu na kupulizia shamba zima.

Baada ya siku chache majani ya pamba yakaanza kujikunja. Yakawa membamba, marefu, kama vidole. Maua yakapukutika.

"Pamba inaogopa ile dawa ya majani mapana kuliko mmea wowote ninaoujua," anasema Onesmo Kulwa, afisa ugani wa kata. "Masalia yanayobaki kwenye mpira wa bomba yanatosha kabisa. Kusuuza kwa maji hakusaidii kitu."

Lakini siku ile hakuna aliyemwita Onesmo. Uliitwa ukoo.

Hapa msomaji ajue jambo moja. Kwa Kisukuma, dawa ni bugota. Ya hospitali ni bugota, ya dukani ni bugota, na ile ambayo mtu anakuwekea usiku ili uangamie, nayo ni bugota.

"Mzee mmoja akaniuliza, 'Shamba la Ngusa lina bugota?'" anakumbuka Justa. "Mimi nilikuwa nimeshakwenda kuiona ile pamba, na nilikuwa nawaza bomba tu. Nikajibu haraka, 'Lina bugota, tena ni yangu.' Weee! Mama mkwe akaweka kikombe chini. Ndipo nikasikia nilichosema."

Leo analisimulia huku akicheka, ila kicheko hakifiki mbali. Katika ukanda huu wapo wanawake waliopoteza maisha kwa tuhuma za uchawi zilizo nyepesi kuliko hiyo. Athanas aliacha duara na kupanda basi siku hiyo hiyo. Onesmo naye akaja, akafungua bomba mbele ya wazee na kueleza. Wazee wakaelewa, kesi ikaisha. Ngusa hakuelewa.

"Alisema hata afisa nimemlisha kitu," anasema Justa.

Tangu siku hiyo Ngusa hakuitikia salamu yake. Wateja nao walipungua kwa muda, maana nani amkaribishe mtu wa namna hiyo shambani kwake? Justa alikaza roho. Aliuza mbuzi wawili, akanunua bomba la pili. La mpunga kalizungushia utepe mwekundu, la pamba halina utepe, na yote mawili anayafungia chumbani.

"Nalala nayo," anasema. "Mume wangu akirudi anauliza yeye alale wapi."

Hamwazimi mtu yeyote, na hilo nalo limemletea maneno. Kijijini, mtu anayenyima ndugu chombo huitwa mwenye roho mbaya. Ameambiwa anaringa, ameambiwa pesa za mpunga zimempanda kichwani. Akiitwa, anakwenda na bomba lake mwenyewe, anapulizia mwenyewe na kuondoka nalo.

Asubuhi hii, akiwa anakaribia kumaliza jaruba la Melania, mwanamume mrefu mwenye fimbo anatokea juu ya tuta. Ni Ngusa.

"Shikamoo, shemeji," anasema Justa akishusha barakoa.

Ngusa haitikii. "Funza wameingia tena. Nataka bomba."

"Bomba sikupi, shemeji. Nitakuja mwenyewe."

Wanatazamana. Ngusa anageuka na kuondoka zake. Justa anapandisha barakoa na kumalizia kazi.

"Nikimpa, wengine wote watataka, na mwakani pamba ya mtu itajikunja tena," anasema baadaye akinawa. "Nisipompa, ndio nimethibitisha kwamba nina roho mbaya. Ulitaka nifanyeje?"

Jibu lilikuja jioni, likiletwa na mke wa Ngusa. Justa aende, ila apulizie mistari ya pembeni tu. Ngusa ataitazama kwanza. Majani yakijikunja, asikanyage tena kwenye mji wake.

Kesho yake alfajiri Justa alikwenda na bomba la pamba. Ngusa alisimama karibu muda wote, akilichunguza kana kwamba litamuuma.

"Usiku ule sikulala," anakiri Justa. "Najua bomba ni safi. Lakini pamba ikiugua kwa jambo lingine lolote, nani atanisikiliza?"

Mwandishi wa makala haya alirudi Tinde wiki iliyofuata, naye akiwa na wasiwasi wake. Alimkuta Justa katikati ya pamba ya Ngusa, anapulizia shamba zima. Mistari ya pembeni ilikuwa imesimama wima, majani mapana na yamekunjuka vizuri, funza wamekufa. Furaha iliyomjaa mwandishi ilimfanya apige makofi bila kujua.

Wakati wa kupumzika, Justa alieleza anachokitaka sasa. Anataka kufundisha wanawake wawili, kila mmoja awe na mabomba yake mawili, ili kata nzima iache kuazimana. Onesmo amekubali kuwapa mafunzo. Tatizo ni wanafunzi.

"Nimeita, hawaji," alisema. "Mama gani atamleta binti yake kwangu? Kesi kama hizi zikishasemwa, watu wanaogopa mtoto atarithishwa."

Ngusa alikuwa ameketi hatua chache kutoka hapo, akichonga mpini wa jembe. Alikuwa amesikia kila kitu. Aliita kuelekea nyumbani.

"Ritha!"

Binti wa miaka kumi na tisa, kitindamimba wake, akatoka akifuta mikono kwenye kanga.

"Mwamkie mama yako mdogo," Ngusa alisema, bado macho yako kwenye mpini. "Kuanzia kesho utakwenda naye kazini. Akufundishe."

Machozi yalimjaa Justa. Aliinua mkono ili ayafute.

"Glavu!" Ngusa alifoka, akaruka na kumshika kifundo cha mkono. "Mama Boaz, utajimwagia dawa machoni!"

Akamshikilia hivyo hivyo, na kwa upande wa kanga ya Ritha akamfuta machozi shemeji yake.