Zoezi la Kuwaokoa Watakatifu

Mtunzaji wa kanisa la Waorthodoksi hapa Buffalo, ambalo sisi Warundi walokole tunalikodi Jumapili mchana, ni mzee Mserbia kutoka Kosovo. Ana viganja vipana na filimbi shingoni. Hunusa soketi za umeme, na jiko la gesi hulikaripia kwa kunong'ona. Filimbi ya zoezi la moto ikilia, hata katikati ya mahubiri, kila mtu hukimbilia ukutani, huchukua picha ya mtakatifu aliyegawiwa na kutoka nayo hadi kwenye maegesho. Mimi nina Mtakatifu Nikola. Kwaya hubeba malaika mkubwa. Mchungaji wetu, anayehubiri dhidi ya sanamu, alipewa Bikira Maria, na humbeba vizuri sana.

Mama Kostansia peke yake alikuwa akitoka mikono mitupu. "Mimi nimeokoka, babu. Sibebi picha."

"Usimwombe, mbebe tu," mzee alimsihi kwa Kiingereza cha kuokoteza kama chetu.

Jumapili iliyopita, tukiwa tumepanga mstari kwenye theluji na watakatifu wetu, Mama Kostansia alimgeukia mzee. "Na wewe mwenyewe unabeba nini?"

Mzee alitazama viatu vyake. "Kule kwetu, watu tuliozoea kusalimiana nao walikuja na petroli, kwa sababu sisi ni kabila lingine. Nilikuwa kanisani nafagia. Nilikimbia. Nilipofika mlimani kanisa linawaka, nikaona nimeokoa ufagio."

Tulicheka, kisha tukaona yeye hacheki. Mama Kostansia akajifunga kitenge vizuri kiunoni.

"Haya, babu, piga filimbi tena. Wangu ni yupi?"